Jinsi ya Kuagiza Mabamba ya Metali za Tabaka Mbili Kutoka Nje: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Maswali yanayorudi kuhusu biashara hii karibu yote yanafanana. Mzigo umefika, lakini tabaka la juu ni jembamba kuliko ilivyotarajiwa. Forodha wameukataa msimbo wa bidhaa (HS). Benki imerudisha hati. Fundi ameanza kukata bamba, na tabaka linabanduka kama ganda la muwa.

Chanzo chake mara nyingi ni kimoja: mnunuzi ameagiza metali mbili lakini akaandika kana kwamba ni moja. Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, lishike hili: tenganisha maelezo ya tabaka hizo mbili katika kila karatasi, kuanzia ombi la bei hadi tamko la forodha.

Hapa nazungumzia mabamba mazito. Upande mmoja ni chuma cha kawaida kinachobeba nguvu, nitakiita bamba la msingi. Upande wa pili ni chuma cha pua (kile kisichoshika kutu), nikeli, shaba au titani, na huo nitauita tabaka la kinga. Bodi za saketi zenye karatasi ya shaba juu ya plastiki si bidhaa hii, hata kama wauzaji hutumia jina linalokaribiana. Zina viwango vyake na msimbo wake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuomba bei

- Maelezo ya kazi: kimiminika gani kitagusa tabaka la kinga, kwa joto gani, kwa shinikizo gani, na kama chombo kitapashwa moto tanurini baada ya kuchomelewa.
- Nakala halisi ya kiwango utakachokitaja, pamoja na mwaka wa toleo lake. Muhtasari wa muuzaji hautoshi.
- Mkaguzi huru anayefanya kazi karibu na kiwanda, asiyelipwa na muuzaji.
- Wakala wa forodha aliye tayari kutoa maoni ya msimbo kwa maandishi kabla hujalipa chochote.
- Benki yenye watu wanaozijua barua za mkopo, zile ambazo wafanyabiashara huziita LC.
- Vifaa vya mapokezi: kipimo cha unene cha sumaku, fundi wa ultrasoniki (ukaguzi wa ndani ya metali kwa mawimbi ya sauti) mwenye mashine yake, na kifaa cha XRF cha kusomea aina ya metali. Vyote hivi hukodishwa.

Ukikosa mkaguzi huru, ahirisha agizo. Kwa bidhaa hii sioni njia ya mkato: kasoro kubwa zaidi hukaa pale metali mbili zinapokutana, na jicho halifiki hapo.

## Hatua ya 1: Chagua njia ya kuunganisha

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha metali zote mbili kwenye roli zikiwa za moto hadi zishikane. Inafaa kwa chuma cha pua na aloi za nikeli, hasa oda ikiwa kubwa. Ya pili ni ya mlipuko: tabaka la kinga huwekwa juu ya bamba la msingi kwa nafasi ndogo, baruti hulipuliwa juu yake, na metali hugongana kwa kasi inayozishikanisha bila kuziyeyusha. Hii ndiyo njia ya kawaida ya titani, zirkoni na tantali, kwa sababu titani na chuma zikiyeyushwa pamoja hutoa kiunga kinachovunjika kirahisi.

Ipo pia njia ya kujazia kwa kuchomelea. Hiyo ni ya shingo za vyombo na sehemu zilizopinda, na kemia ya tabaka hubadilika kwa sababu chuma cha msingi huchanganyika nalo. Ukiagiza bamba usikubali ubadilishiwe kwa hiyo bila idhini yako ya maandishi.

Tahadhari: bamba la mlipuko huwa na sehemu ndogo isiyoshikana pale baruti ilipoanzia kuwaka. Hilo ni la kawaida. Kisicho cha kawaida ni kuikuta sehemu hiyo katikati ya bamba lako bila taarifa. Andika kwamba lazima iwe nje ya ukubwa wa mwisho, au ionyeshwe kwenye mchoro pamoja na namna itakavyorekebishwa.

## Hatua ya 2: Andika agizo lenye safu mbili

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote. Mfano wa mstari wa agizo (ASTM ni viwango vya Marekani, EN ni vya Ulaya, UNS ni namba ya utambulisho wa aloi, MPa ni kipimo cha nguvu kwa eneo):

> Bamba la msingi: ASTM A516 daraja la 70, unene 22 mm
> Tabaka la kinga: 316L (UNS S31603), unene usiopungua 3.0 mm mahali popote
> Kiwango cha bidhaa: ASTM A264, toleo la mwaka ___
> Ukubwa: 2,000 mm × 6,000 mm
> Nguvu ya mshikamano: isiyopungua 140 MPa
> Ultrasoniki: ASTM A578, eneo lote, pamoja na kipimo cha kukubali kitakachotajwa
> Cheti: EN 10204 aina ya 3.2

Tazama maneno "usiopungua mahali popote". Ukiandika "3 mm" peke yake, kiwanda kina haki ya kufuata nafasi ya kupungua inayoruhusiwa na kiwango. Kwa tabaka ambalo kazi yake ni kuliwa na kemikali polepole, kila sehemu ya milimita ni umri wa chombo.

Jina la kiwango lazima lilingane na metali. A263 ni ya chuma cha kromi, A264 ni ya chuma cha kromi na nikeli, A265 ni ya nikeli na aloi zake. Shaba iko kwenye ASTM B432. Titani, zirkoni na tantali kwenye ASTM B898. Mabomba yana API 5LD. China wana GB/T 8165 kwa chuma cha pua, Japani wana JIS G3601.

Viwango hivi havidai kitu kimoja. A264 inataka mshikamano wa angalau 140 MPa bamba likijaribiwa kwa kusukumwa tabaka liteleze. JIS G3601 inataka 200. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "bidhaa yetu inakidhi viwango vya kimataifa", hajakuambia kitu. Muulize kipi, na cha mwaka gani.

Jambo linalosahaulika zaidi ni moto. Chombo cha shinikizo mara nyingi hupashwa hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi baada ya kuchomelewa ili mikazo iliyobaki ndani ya chuma cha msingi ilegee. Joto hilo liko ndani ya eneo la hatari kwa chuma cha pua, takriban nyuzi 425 hadi 815, ambapo kromi hujifunga na kaboni kwenye mipaka ya punje na kuacha njia za kutu. Ndiyo sababu ya kuchagua 316L yenye kaboni kidogo, au daraja lililotulizwa kwa titani au niobi kama 321 na 347.

Usiishie kwenye jina la daraja. Andika kwamba vipande vya majaribio vipashwe moto kwa mzunguko uleule utakaotumika kwenye chombo chako, ndipo vijaribiwe nguvu, mshikamano, na kutu ya mipaka ya punje kwa ASTM A262, njia E. Bamba linaweza kufaulu vizuri likitoka kiwandani na likafeli baada ya tanuri lako.

Umefaulu hatua hii muuzaji anaporudisha ankara ya awali yenye safu zote mbili, kiwango na toleo lake, bila neno "au inayolingana".

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya uzito mwenyewe

Chukua bamba la mfano wetu. Eneo ni mita 12 za mraba. Kila mstari ni unene kwa mita × eneo × kilo kwa mita ya ujazo.

- Tabaka la kinga: 0.003 × 12 × 8,000 = kilo 288
- Bamba la msingi: 0.022 × 12 × 7,850 = kilo 2,072
- Jumla: kilo 2,360. Chuma cha pua ni asilimia 12 hivi ya uzito.

Muuzaji akilipigia bamba lote hesabu ya chuma cha pua, atapata kilo 2,400. Kilo 40 kwa kila bamba unazilipia hewa. Kwa titani tofauti ni kubwa zaidi, maana uzani wake ni kilo 4,510 tu kwa mita ya ujazo. Tabaka la milimita 3 kwenye bamba hilohilo lina kilo 162.

Ihifadhi karatasi hii ya hesabu. Utaihitaji forodha.

## Hatua ya 4: Pata msimbo wa HS kabla ya kulipa

Tarakimu sita za kwanza za msimbo ni za pamoja kwa nchi zinazofuata mfumo wa Shirika la Forodha la Dunia. Zinazofuata ni za kila nchi, na ndizo hubeba kiwango cha ushuru.

Kanuni inayoamua iko kwenye maelezo ya Sehemu ya XV ya mfumo huo: bidhaa yenye metali mbili za kawaida huhesabiwa kuwa ya ile inayozidi kwa uzito, isipokuwa kichwa cha msimbo chenyewe kikisema vingine. Si inayozidi kwa bei, wala inayoonekana juu. Bamba letu linang'aa kama chuma cha pua, lakini asilimia 88 ni chuma cha kawaida.

Kwa hiyo:

- Chuma cha kawaida kisicho cha aloi, upana wa 600 mm au zaidi, kilichovikwa: 7210, kwa kawaida 7210.90.
- Kikiwa chini ya 600 mm: 7212.60.
- Bamba la msingi likiwa la chuma cha aloi, mfano chenye kromi na molibdenamu: tazama 7225 au 7226.
- Chuma cha pua kikizidi kwa uzito: 7219 au 7220.
- Tabaka la fedha, dhahabu au platini: 7107, 7109 na 7111, hata kama ni jembamba mno. Hapa uzito hauangaliwi.

Tofautisha pia kuvika na kupaka. Kwenye bidhaa iliyovikwa, metali mbili zimeingiliana kidogo pale zinapogusana. Iliyopakwa kwa umeme ni kitu kingine. Ofisa akiuliza, mpe maelezo ya njia ya utengenezaji kutoka kiwandani.

Tahadhari kubwa: ushuru wa kuzuia bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya kutupa. Marekani iliuweka kwa mabamba ya chuma yaliyovikwa kutoka Japani mwaka 1996, na maelezo yake yalitaja upana na unene wa jumla, si msimbo peke yake. Ndiyo maana haitoshi kuangalia jedwali la ushuru. Soma maneno ya amri yenyewe: inataja nchi ipi, unene upi, metali ipi. Na asili ya bamba haifuati bandari lilikopakiwa. Bamba la msingi la nchi moja likiunganishwa na tabaka la nchi nyingine, uliza kwa maandishi asili itahesabiwa wapi.

Kama mzigo unaingia Umoja wa Ulaya, ongeza utaratibu wa kaboni mpakani unaojulikana kama CBAM, ambao kipindi chake kamili kilianza tarehe 1 Januari 2026. Kiwanda kitapaswa kukupa takwimu za hewa ya ukaa. Ziombe kwenye mkataba, maana baada ya kulipwa wengi hawajibu.

Nchi nyingi huruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa msimbo mapema. Ukiweza, uombe. Umefaulu ukiwa na barua, si neno la mdomo la wakala.

## Hatua ya 5: Masharti ya bei na malipo

Tumia Incoterms 2020 (masharti ya kimataifa yanayosema nani analipa na nani anabeba hatari ya safari) na utaje mahali kamili. FOB, CFR na CIF ni za mzigo wa majini unaokabidhiwa melini; mzigo wa kontena unaoachwa kwenye yadi hufaa zaidi FCA, CPT au CIP.

Kuna mtego kwenye bima. Chini ya CIF, muuzaji anawajibika kukata bima ya kiwango cha chini tu, ile ya vifungu vya C vya Institute Cargo Clauses (masharti ya kimataifa ya bima ya mizigo; vifungu vya A ndivyo vipana zaidi). Hiyo hailipi maji ya bahari yakiingia ndani ya kontena. Chumvi ni adui wa chuma cha pua, kwa hiyo mimi huona vifungu vya A ndivyo pekee vinavyofaa, na CIP huvidai tayari.

Kwenye LC, kumbuka benki hukagua karatasi, haikagui bamba. Hilo limo kwenye kifungu cha 5 cha UCP 600, kanuni za kimataifa za barua za mkopo. Kwa hiyo igeuze karatasi iwe kinga yako: dai cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mkaguzi uliyemtaja kwa jina, chenye namba za mabamba. Bila hicho, muuzaji hapati fedha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha asili na cheti cha kiwanda yasipingane hata kwa neno moja. Mahali pengine "3+22" na pengine "25" panatosha kuzuia malipo na kuamsha maswali ya forodha kwa pamoja.

## Hatua ya 6: Kagua kiwandani, kabla bamba halijafungwa

Mkaguzi afike akiwa na orodha hii, na aandike matokeo kwa kila bamba.

Namba za tanuri (namba ya kundi la metali lililoyeyushwa pamoja). Ni mbili: ya bamba la msingi na ya tabaka la kinga. Zote zilingane na vyeti vya viwanda vilivyoyeyusha metali hizo, maana kiwanda cha kuunganisha mara nyingi hununua metali zote mbili kwa wengine. Wasiliana na kiwanda cha asili moja kwa moja kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, uthibitishe cheti. Cheti cha 3.1 husainiwa na mkaguzi wa mtengenezaji asiye chini ya idara ya uzalishaji, cha 3.2 husainiwa pia na mwakilishi wa mnunuzi au mkaguzi aliyeteuliwa kisheria.

Ultrasoniki. Ifanyike baada ya bamba kunyooshwa na kupashwa moto, kamwe si kabla, kwa sababu hatua hizo zinaweza kufungua mshikamano dhaifu. Kwa titani juu ya chuma, hata mshikamano mzuri hurudisha mwangwi kidogo, kwani metali hizo hupitisha sauti kwa namna tofauti. Fundi lazima asawazishe mashine kwa kipande cha mfano chenye metali zilezile, la sivyo atakataa bamba zuri au atapitisha bovu.

Unene wa tabaka. Kipimo cha sumaku ni cha haraka na sahihi, lakini kwa tabaka lisilovutwa na sumaku tu: 316L, shaba, titani. Nikeli safi huvutwa na sumaku, na vilevile vyuma vya kromi vya A263 kama 410S. Kwa metali hizo, kata ukingo, usugue, uupake asidi ya kuonyesha mpaka, kisha upime kwa darubini. Pima pia katikati ya bamba, maana kingo pekee hazisemi yote.

Aina ya metali. XRF itatofautisha 304 na 316 kwa kuona molibdenamu. Haiwezi kupima kaboni, kwa hiyo haitofautishi 316 na 316L. Kwa hilo tumia kifaa cha cheche. Wengi hulipia XRF wakidhani wamethibitisha herufi "L".

Majaribio ya kuvunja. Mkaguzi ashuhudie kipande kikikatwa kutoka bamba husika na kugongwa muhuri wake kabla hakijaenda maabara.

Umefaulu ukiwa na jedwali lenye namba ya bamba, namba mbili za tanuri, ramani ya ultrasoniki na vipimo vya unene, vyote vikiwa na saini.

## Hatua ya 7: Ufungaji na safari

Mfano wetu una urefu wa 6,000 mm. Ndani ya kontena la futi 20 kuna takriban mita 5.9. Bamba haliingii! Pima hili kabla ya kuagiza ukubwa. Pengine mita 5.8 zingetosha kazi yako. Upana wa ndani ni kama mita 2.35, na bamba pana zaidi huhitaji kontena la jukwaa au meli ya mzigo huru.

Tabaka la kinga lifunikwe kwa plastiki, mabamba yapangwe kinga kwa kinga na karatasi katikati. Minyororo ya chuma isiguse tabaka hilo. Vumbi la chuma likibaki juu yake huanzisha kutu. Mbao ziwe na alama ya ISPM 15 (kiwango cha kimataifa cha mbao za vifungashio), inayoonyesha zimepashwa moto hadi kiini kufikia nyuzi 56 kwa dakika 30 au kutibiwa kwa njia nyingine inayokubaliwa. Weka vifuko vya kunyonya unyevu. Uzito wa kontena lililojaa lazima utangazwe kabla ya kupakiwa melini, sharti la SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini) tangu Julai 2016, na hapo karatasi yako ya hesabu inarudi kazini.

## Hatua ya 8: Mapokezi na madai

Usisaini kupokea kabla ya kuangalia. Uharibifu unaoonekana uandikwe kwenye hati ya makabidhiano palepale. Usioonekana, chini ya kanuni za Hague-Visby (za kimataifa za usafirishaji wa mizigo kwa bahari), utolewe taarifa ndani ya siku 3, na kesi dhidi ya msafirishaji ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Kwa muuzaji, mkataba ukiwa chini ya sheria ya Umoja wa Mataifa ya mauzo ya kimataifa, taarifa itolewe ndani ya muda unaostahili, na mwisho kabisa ni miaka 2. Mkataba wako unaweza kusema vingine, usome.

Rudia unene, XRF na ultrasoniki kwenye sehemu ya mabamba kabla ya kukata hata moja. Ukikuta eneo lisiloshikana, lizungushie alama kwa kalamu isiyo na kloridi, piga picha yenye namba ya bamba, mwite mkaguzi wa bima, na liache bamba zima. Likishakatwa, muuzaji atasema ni moto wako ulioachanisha.

Ukianza kukata: moto wa gesi uanzie upande wa chuma cha kawaida, plazma uanzie upande wa tabaka la kinga. Na kabla kipande hakijatenganishwa, hamishia namba zote mbili za tanuri juu yake.